Ndege Aliyeitwa Uwase

Huko Kibimba yuko ndege mdogo ambaye hata mtoto anayetambaa humfuata kwa magoti. Mgongo wake una rangi ya udongo mkavu, kifua na mkia ni buluu ya anga iliyotoka kuoshwa na mvua, na dume lake lina doa jekundu kwenye kila shavu, limekaa vizuri kama kifungo. Huingia uani bila hodi, akadonoa punje zilizoanguka kwenye ungo, akaimba wimbo wake mwembamba, akaenda zake. Sehemu nyingine za Ngara humwita ifundi, jina linalowatosha ndege wengi wadogo wa namna yake. Kibimba humwita Uwase. Ukiuliza sababu, utapewa majibu mengi kuliko masikio uliyo nayo.

Derick aliyataka majibu yote. Alikuwa amerudi nyumbani na shahada ya wanyamapori kutoka Morogoro, ajira hajapata, na badala ya kukaa akizihesabu siku aliiomba kamati ya shule ya msingi imruhusu kuchora ndege wa kata kwenye ukuta wa darasa la tatu: kila ndege na jina lake, kila jina na asili yake. Alhamisi moja wakati wa mapumziko aliingia ofisi ya walimu akamkuta Mwalimu Priscila peke yake, amezungukwa na madaftari. Mwalimu alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Nusu ya watu wazima wa kijiji walijifunza herufi kwake, na Derick mwenyewe akiwa mmoja wao.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Derick. Umeniletea ndege wako tena?"

"Kumi na wanane, mwalimu. Wote wamekubali kukaa kwenye karatasi ila mmoja." Akavuta kiti. "Huyu Uwase. Mzee Ntakirutimana anasema zamani alikuwa bibi harusi, akapakwa rangi nyekundu mashavuni, akafa njiani kabla ya kumfikia mumewe, akageuka ndege. Mama Aron anasema si bibi harusi, ni binti wa mtemi. Nusura wapigane kwa miko."

Mwalimu Priscila alicheka kidogo, jicho likiwa bado kwenye daftari.

"Sasa sikiliza," Derick aliendelea. "Wiki iliyopita nilikuwa kwa shangazi, kijiji cha Nyabusozi, Biharamulo kule. Nikawaonyesha watu picha. Kuna mama mmoja fundi cherehani, nilipomwambia kwetu ndege huyu anaitwa Uwase, akaacha kushona. Akasema na yeye ni Uwase. Alisoma hapa hapa mpaka darasa la nne! Nikamuuliza kama anajua asili ya jina. Akasema, 'Kamuulize Mwalimu Priscila, kama bado yupo.'"

Kalamu nyekundu ilisimama.

"Alinisalimia?"

"Hapana, mwalimu. Alisema hivyo tu." Derick alimtazama kwa macho yake ya utotoni, yale yaliyokuwa yakiamini kila kilichoandikwa ubaoni. "Kwa hiyo unajua?"

Mtu anaweza kujiandaa kwa swali miaka ishirini, na bado likamkuta hajavaa viatu. "Majina ya ndege nani anayajua," alisema Mwalimu Priscila. "Andika ya bibi harusi. Watoto wataipenda."

Akaivuta karatasi ya Derick, akasahihisha neno moja lililokosewa, na chini ya hadithi ya bibi harusi akaweka alama kubwa ya vema.

*

Mwaka 2004 Uwase alikuwa na miaka kumi. Babu yake aliingia kutoka Burundi mwaka sabini na mbili. Baba yake, Sindayigaya, alizaliwa Kibimba, na yeye alizaliwa Kibimba, ila jina alipewa na bibi mzaa mama aliyekuwa Mnyarwanda. Watu walikuwa wakikopeshana nao majembe na kuzikana nao vizuri tu. Lakini pakitokea ugomvi kisimani, mara moja watu walikumbuka walikotoka.

Wazazi walikuwa wamechanga ulezi wa uji wa wanafunzi, ukaanikwa kwenye turubai nyuma ya darasa, na watoto walipeana zamu ya kuufukuzia ndege. Zamu ya Uwase ilipokwisha, karibu nusu debe haikuwepo. Mwalimu Priscila alimwita mstarini, mbele ya shule nzima.

"Ulezi uko wapi?"

"Nilienda chooni, mwalimu. Niliporudi nikakuta ndege wamejaa. Wale wadogo wa buluu."

"Wa buluu! Nusu debe! Walikuja na magunia?"

Shule nzima iliangua kicheko, na kicheko kile kilimpanda Mwalimu Priscila kichwani kama pombe. Alimpiga mtoto kofi la shavu la kulia, kofi lililosikika hadi barabarani. Halafu, kana kwamba kofi halikutosha, akasema, "Mkimbizi ni mkimbizi tu, hata ukimvika sare."

Kesho yake ndege walirudi kwenye turubai. Mtoto mmoja aliona doa jekundu la dume, akapiga kelele: "Tazameni, na huyu kapigwa! Ni Uwase!" Basi. Watoto hawahitaji kikao kupitisha jina. Waliowasikia wakadhani ndilo jina la ndege, na miaka ikafanya kazi yake.

Siku ya sita baada ya kofi, katekista Juvenali alisimamisha baiskeli langoni kuwashukuru walimu. Ulezi wao wa sadaka ya mavuno ulikuwa safi kuliko wa vigango vyote vya parokia, alisema. Padri mwenyewe aliusifu. Ndipo Mwalimu Priscila alipokumbuka. Kwenye jumuiya ya kanisa alikuwa ameahidi kwa kinywa chake kwamba mwaka ule shule nayo itatoa limbuko, na alikuwa amemwambia katekista, "Ukipita wakati wowote, jichotee, hata kama tuko madarasani." Akasahau. Katekista alipita, akajichotea, akaenda zake.

Uwase alikuwa bado anakuja shule. Alikuja wiki mbili nyingine, akikaa dawati la nyuma, na kila asubuhi Mwalimu Priscila alijiambia: leo wakati wa mapumziko. Mapumziko yalipofika alijiambia: kesho, mstarini. Jumatatu moja dawati lilikuwa tupu. Familia ilikuwa imehamia Biharamulo.

Alikwenda kuungama. Padri alimpa sala, akazisali zote na za ziada. Lakini si padri aliyepigwa. Na kila kulipopambazuka, chini ya dirisha lake, sauti za watoto wa jirani: "Uwase amekuja! Uwase anakula!" Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Hakuwa na wa kumlalamikia.

*

Ijumaa alipofika shuleni, ndege alikuwa amekwisha kuchorwa kwa mkaa ukutani, mkubwa kama kuku, na pembeni yake Derick ameandika kwa penseli: *Hapo zamani aliishi bibi harusi mrembo...* Wasichana wawili wa darasa la tano walikuwa wakisoma kwa sauti. Mmoja akamwambia mwenzake, "Mwalimu Priscila ndiye amesahihisha, kwa hiyo ni kweli."

Mwalimu Priscila alisogea hadi ukutani.

"Derick," alisema, "hapo usipake rangi kwanza."

"Kuna kosa, mwalimu?"

"Lipo. Ningoje mpaka Jumanne."

Jumamosi alipanda gari la alfajiri hadi Biharamulo, kisha pikipiki hadi Nyabusozi, mkoba umekumbatiwa kifuani. Njia nzima alipanga maneno, na kila alipoyapanga yalitoka yakimtetea. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na wanafunzi tisini. Nyakati zile wote tulipiga. Aliyatupa yote porini moja moja.

Uwase alikuwa kibarazani, ameinamia cherehani, mbele yake rundo la kitambaa cha sare za shule. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, mwembamba, ameshika pini mbili mdomoni. Alizitoa.

"Shikamoo mwalimu."

Mwalimu Priscila aliushusha mkoba kwanza, ndipo akaitikia *marahaba*. Ilitoka ndogo.

"Keti kwenye benchi hilo. Umezeeka."

"Nimezeeka, mwanangu."

"Mie nilidhani walimu hawazeeki, wanastaafu tu." Uwase alitabasamu upande mmoja, akarudisha mguu kwenye pedeli. "Yule kijana wa ndege amekutuma?"

"Nimejituma."

Akaeleza. Alieleza kuhusu jumuiya, ahadi, katekista na baiskeli yake. Alieleza kwamba alijua ukweli siku ya sita, na kwamba wiki mbili nzima alimwona mtoto pale nyuma akanyamaza. Cherehani iliendelea kulia, tena bila kukosea mstari.

"Kumbe katekista," Uwase alisema mwishowe. "Unajua, mimi niliamini ni ndege. Niliwachukia wale ndege, mwalimu, niliwarushia mawe mpaka nikapata mchumba. Halafu siku moja niko sokoni, namwona mama anapima ulezi kwa debe. Nikautazama. Nikasema, aa, ndege hawawezi. Na kama si ndege, basi nani? Nikaanza kujiuliza, labda nilimpa mtu? Labda nilikula mbichi nikasahau? Mtu akiambiwa sana kaiba, huanza kujipapasa mifukoni."

"Hukuiba."

"Sasa najua. Leo. Baba naye alinipiga jioni ile, fimbo juu ya kofi. Nikamwambia sikuchukua. Akasema, mwalimu hawezi kusema uongo." Alikata uzi kwa meno. "Alifariki mwaka 2011. Hata hapa nyumbani chumvi ikipungua, alinitazama mimi kwanza."

Mwalimu Priscila alishika ukingo wa benchi. Alikuwa amekuja na deni la kofi moja, na sasa mtu anamfungulia ghala.

"Nisamehe, Uwase. Kwa kofi lile, na kwa kunyamaza kwangu."

Cherehani ilinyamaza.

"Na lile neno?"

"Neno lipi?" aliuliza Mwalimu Priscila, na papo hapo akaona aibu, maana alilijua.

"Mwalimu, umesafiri kutoka Kibimba hadi hapa, neno ukaliacha nyumbani? Kofi linapoa. Shavu hili, tazama, lina nini? Halina kitu. Baba hakuhama kwa ajili ya kofi. Alihama kwa ajili ya lile neno. Watoto walirudi nalo majumbani, na keshoye likawa kisimani. Alisema, hapa nimezaliwa, hapa nimejenga, na mwanangu amefundishwa na mwalimu kwamba yeye ni mgeni. Tukaacha migomba ndiyo kwanza inatoa mikungu."

Mwalimu Priscila alilisema lile neno. Alilisema lote, kwa sauti ndogo, akitazama vidole vya miguu yake, kisha akasema, "Nalo pia. Nalo kuliko yote."

Uwase alichomeka pini mbili kwenye kitambaa. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alielekeza kichwa nyuma ya nyumba. "Mimi nimekusikia. Mama yupo. Kamwambie yeye."

Nahimana, mama yake Uwase, alikuwa ameketi kwenye kigoda, anachambua maharage. Nywele zimejaa mvi, mgongo bado wima. Mwalimu Priscila alipiga magoti kumsalimu, na hakuinuka alipoitikiwa. Alisema yote tena, safari hii akianza na neno.

Bibi alichambua maharage hadi yakaisha kwenye ungo.

"Mwarimu, maneno hayo uliyasemea wapi?"

"Shuleni, mama. Mstarini."

"Mbele ya nani?"

"Ya wanafunzi wote. Na walimu."

"Na leo hapa tuko wangapi?" Akatazama huku na huku. "Wewe, mimi na kuku. Mtu akimvua mwenzake nguo sokoni, haji kumletea kanga chumbani."

Mwalimu Priscila alikuwa bado amepiga magoti. Jua lilikuwa linamchoma shingoni.

"Jumanne kuna mkutano wa wazazi," alisema. "Wengi wao ndio waliokuwa mstarini siku ile."

"Basi nitakuja. Sindayigaya hayupo, nitakuja nimsikilizie."

*

Ajenda ya mwisho ilikuwa mengineyo. Wazazi walikwisha kuanza kukusanya miavuli yao Mwalimu Priscila aliposimama na kuomba dakika chache. Nahimana alikuwa benchi la mbele, amevaa kitenge cha kwenda misani. Hakuna aliyemtambua ila mzee Juvenali, katekista mstaafu, aliyekuwa akimwangalia kwa mashaka tangu alipoingia.

Mwalimu Priscila alianza vizuri. Miaka thelathini na sita ya kusimama mbele ya watu humfunza mtu kusema hata anapokufa ndani. Alisimulia ulezi na turubai, akasimulia kofi. Mtu mmoja nyuma alicheka, akidhani ni mzaha wa kuaga. Kisha akafika kwenye neno, na macho yake yakamwona Minani kando ya dirisha, na mke wa Manirakiza, na Niragira mwenye kitoto mgongoni. Wote walikuwa watu ambao babu zao waliuvuka mpaka, wote aliwafundisha wao au watoto wao, na wote walimwita mama. Hakuwa amewahi kuwaona wengi kiasi kile.

"Nilisema," alisema, "mkimbizi ni mkimbizi tu, hata ukimvika sare."

Niragira alikitoa kitoto chake mgongoni, akakipakata.

Mwalimu akamalizia yaliyobaki: kwamba aliyechukua ulezi hakuwa mtoto, na kwamba alijua akanyamaza.

Mzee Juvenali alisimama akiegemea fimbo. "Ulezi niliuchukua mimi," alisema. "Mwalimu, nilikuja kukushukuru. Ulisimama palee, ukanichekea vizuri. Mbona hukuniambia kuna mtoto amepigwa? Ningekwenda kwao na baiskeli ile ile."

"Niliogopa ungenitazama kama unavyonitazama sasa."

"Na jina nililitoa mimi," sauti ilitoka nyuma. Alikuwa Alfonce, mwenye mashine ya kusaga, unga bado kwenye nyusi. Alikuwa akitazama sakafu. "Nilikuwa darasa la tatu. Sikujua jina linaweza kukaa hivi. Jamani, tulibadilishe. Tumwite ifundi kama wenzetu, hili life."

Wengi waliitikia, haraka, kwa nafuu. Ndiyo, libadilishwe. Lisiandikwe kabisa.

Nahimana aligeuka kwenye benchi lake akawatazama, mmoja baada ya mwingine.

"Mnataka kumfukuza mwanangu mara ya pili?"

Derick, aliyekuwa amekaa karibu na mlango na daftari lake la ndege, alifungua ukurasa mpya. "Bibi," alisema, "mimi ndiye nachora. Ukutani pale niandike nini?"

"Andika alivyosema. Usipambe."

"Sijui kama nimeyashika yote."

"Atarudia. Si mwarimu?"

Mwalimu Priscila alitamani kukaa. Hakuna aliyemwambia akae. Basi akashika ukingo wa meza, akaanza, na kwa kuwa hakuijua njia nyingine ya kumsomea mtu anayeandika, aliyasema kama imla: polepole, kila sentensi mara mbili, akitaja nukta na mkato. Mwaka elfu mbili na nne, mkato, mwalimu wa shule hii aitwaye Priscila alimpiga mwanafunzi aitwaye Uwase binti Sindayigaya kwa kosa ambalo hakulitenda, nukta. Baadhi ya wazazi, kwa mazoea ya zamani, walijikuta wameketi wima.

Alipofika kwenye neno, Derick aliinua kalamu.

"Na hili, mwalimu? Watoto watalisoma."

"Na hili. Wazazi wao walilisikia kwangu."

Akalisema mara ya kwanza. Minani aliinuka kando ya dirisha, akachukua kofia yake, akapita katikati ya mabenchi bila kumtazama mtu, akatoka. Mwalimu Priscila alimsindikiza kwa macho hadi mlangoni. Alijua kesho atalazimika kwenda kwa Minani pia, na baada ya Minani kwa Niragira, na kwamba mahali pengine hatakaribishwa kukaa.

Derick alikuwa anangoja.

Akalisema mara ya pili.